Mwenyekiti wa mtu anayelala barazani ni nani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu watu wasio na pa kulala. Ni masika, nadhani ndiyo sababu. Mvua ikipiga bati usiku ndipo mtu anamkumbuka yule aliyemwona mchana kajilaza juu ya boksi. Nimechagua tatu. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mstaafu wa ustawi wa jamii, miaka 31 kazini, magoti mabovu, mdomo bado mzima.

*

Shikamoo mama. Nauza viatu vya mtumba Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kwenye baraza la duka tunalopanga bidhaa mbele yake analala mzee mmoja, tunamwita Babu Redio, maana ana redio ndogo ya betri ambayo haina betri. Anasema ana miaka 74 na zamani alikuwa kuli bandarini. Asubuhi anafagia mbele ya duka, sisi tunampa chai. Sasa mguu wake wa kushoto umevimba na unanuka. Nimekwenda naye ofisi moja, nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa anakoishi. Nikaenda mtaani, nikaambiwa mzee si mkazi wao, hawamjui. Nikarudi kule ofisini, nikaambiwa bila barua hawawezi. Nimepoteza siku mbili za biashara. Nifanyeje?
Muuza viatu, Kariakoo

Marahaba mwanangu, na pole kwa siku zako mbili. Tuanze na mguu, kwa sababu mguu unaonuka hausubiri barua.

Mpeleke hospitali leo, na usianzie dirisha la kulipia. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Amana hapo Ilala, zina ofisi ya ustawi wa jamii humo humo ndani. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo, ni jambo la kisera, na Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Ukifika mapokezi sema hivi: "Huyu ni mzee, hana ndugu, hana pesa, naomba kuonana na afisa ustawi wa jamii." Usiseme umemwokota. Ukisema umemwokota, wataanza kumtazama yeye kama mzigo na wewe kama mwenye mzigo, na mtaachwa kwenye benchi mpaka jioni.

Huyo afisa wa hospitali ana faida nyingine ambayo wengi hawaijui: naye ana faili na kalamu. Akimwandikia mzee taarifa akiwa pale wodini au hata kwenye benchi, faili limeshazaliwa, na faili likishazaliwa ni kazi kuliua.

Sasa barua. Karibu kila msaada wa serikali kwa mtu maskini nchi hii unaanzia mtaani. Msamaha wa matibabu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kuingia makazi ya wazee, kote utaulizwa barua ya mtaa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ndiyo kabisa: majina ya kaya maskini yanapita kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, majirani wakiwepo, na kinachoandikishwa ni kaya. Mtu mmoja na boksi lake si kaya. Aliyebuni utaratibu huu hakuwa mjinga, maana jirani ndiye anayejua nani amelala njaa. Ila alidhani kila mtu ana jirani.

Kiswahili chetu nacho kinatuchanganya. Mtaa wa Kongo ni barabara. Mtaa ninaousema mimi ni serikali: una mwenyekiti aliyechaguliwa, una mtendaji anayelipwa mshahara, na una mipaka. Hakuna kipande cha Kariakoo kisicho na mtaa. Baraza mnalopangia viatu limo ndani ya mtaa fulani hata kama mzee hayumo kwenye daftari lake. Kwa hiyo acha kuuliza huyu mzee anatoka mtaa gani. Uliza baraza hili liko mtaa gani.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1999, kwenye mji mmoja wa magharibi, kulikuwa na bibi aliyekuwa analala stendi ya mabasi, chini ya meza ya muuza mikate. Kwenye pindo la khanga yake alifunga ufunguo. Nilichuchumaa naye na fomu yangu, nikafika kwenye mstari wa "Kijiji/Mtaa", nikamuuliza anatoka wapi. Akanitajia vijiji vitatu, na kila kimoja na kisa cha kuondoka. Nikaandika cha kwanza. Faili likarudi: kijiji hicho hakimjui. Nikaandika cha pili, likarudi vile vile. Ikapita miezi minne, mwanangu, na bibi yuko pale pale, hatua kama 200 kutoka mezani kwangu. Kila asubuhi nampita nikienda kumshughulikia.

Siku moja nikachoka, nikaandika "Stendi". Mkuu wangu akanirudishia fomu na kalamu nyekundu: stendi si makazi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa wenye ile stendi. Naye akasema, "Mama, huyo si mtu wangu." Nikamuuliza, akifa usiku huu chini ya ile meza, polisi watamwita nani kuja kushuhudia? Akafikiri kidogo. Akasema, "Mimi." Nikamwambia, basi ni mtu wako kuanzia sasa, akiwa mzima. Akacheka, akavuta droo, akatoa muhuri. Barua yenyewe ilikuwa mistari minne. Mingine nimeisahau, ila wa mwisho ulisema: "Anaishi hapa."

Ule ufunguo sikuwahi kujua ni wa nyumba ipi.

Wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho, nacho ni mashahidi. Mzee anafagia mbele ya duka kila siku. Mwenye duka anamjua, mama wa chai anamjua, mlinzi wa usiku anamjua kuliko ninyi wote. Chukua watatu kati ya hao, nenda nao kwa mtendaji wa mtaa. Mtendaji ni mwajiriwa, saa za kazi yupo. Mwenyekiti unaweza kumkuta kaenda msibani. Omba barua inayosema haya tu: fulani bin fulani, umri kama miaka 74, amekuwa akilala kwenye baraza la jengo fulani kwa muda fulani, hana ndugu anayefahamika hapa, anaombwa aonwe na ustawi wa jamii. Watendaji wengine wanaogopa neno "mkazi", wanahisi kesho utaleta wengine kumi. Mwambie aandike "analala". Ustawi wanajua kusoma. Akikataa kabisa, panda ngazi kwa mtendaji wa kata, na hapo usiende peke yako wala usiende kwa hasira. Nenda na mzee mwenyewe. Ni vigumu kumwambia mtu hayupo wakati ameketi mbele yako.

Barua ikifika ustawi, afisa atafanya uchunguzi wa kijamii, na swali lake la kwanza litakuwa ndugu. Usione anamkwepa mzee. Kazi yetu ndivyo inavyotaka, familia kwanza, makazi ya wazee mwisho. Na makazi yenyewe ni machache: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro Kilimanjaro, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, na mengine kadhaa. Baadhi yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, ndiyo maana mpaka leo watu wa zamani wakisikia jina wanasogeza kiti. Wazee wengi wanaamini kwenda kule ni kwenda kufia. Mimi nimewahi kumpeleka mzee aliyelia njia nzima mpaka tunavuka kwa pantoni, na nilipomtembelea baada ya wiki sita hakuwa na nafasi ya kuzungumza nami, alikuwa anacheza bao na alikuwa anashinda.

Lakini kabla hamjampigia mtu yeyote simu kijijini kwao, muulize Babu Redio kama anataka. Ni mtu mzima, si kifurushi cha kurudishwa kwa mtumaji. Kuna waliokimbia kwao kwa sababu waliitwa wachawi, hasa bibi wa Kanda ya Ziwa wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 50. Kumrudisha mtu wa namna hiyo kwa nauli ya serikali ni kumpeleka machinjoni. Kuna walioondoka kwa deni, kuna walioondoka kwa aibu ya kutopeleka kitu nyumbani miaka 30. Hao wa aibu ndio wengi, na hao mara nyingi ndugu wapo na wanalia kuwapata. Afisa mzuri atajua tofauti, na wewe unayempa chai kila siku utajua kabla yake.

Jambo lingine. Kwa kuwa alikuwa kuli bandarini, muulize kama aliwahi kuwa na kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba uliokuja kugeuzwa NSSF mwaka 1997. Wengi walichukua chao kwa mkupuo na kikaisha zamani, lakini kuuliza dirishani ni bure. Na hata kama hakuna senti, kadi kuukuu inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa. Iko mahali. Wazee wa namna hii karatasi zao wanazifunga kwenye nailoni na kuzilalia.

Na mnunulie betri, mwanangu. Hiyo haihitaji barua.

*

Shikamoo mama. Mimi ni mama lishe, Ubungo. Kuna mtoto wa kiume anasema ana miaka 11, jioni ananisaidia kuosha vyombo nami nampa ukoko na mchuzi. Analala nyuma ya banda langu. Anasema alikuja na lori kutoka Dodoma. Nina wanne wangu. Mume wangu amekubali tumchukue akae nasi, lakini jirani ananitisha kwamba nitafungwa kwa kuiba mtoto. Ni kweli?
Mama wa wanne

Marahaba mama. Jirani yako amekosea neno, ila hofu yake ina mahali pa kusimama.

Mtoto wa miaka 11 anaye mtu mahali fulani. Labda mama anayezunguka vituo vya polisi vya Dodoma na picha ya kipaimara. Labda baba wa kambo mwenye mkanda. Wewe hujui, na mtoto hatakuambia ukweli wiki ya kwanza. Atakuambia wote wamekufa. Nimezika wazazi wengi sana kwa midomo ya watoto, halafu nikawakuta wazima wanapalilia. Ukimchukua kimya kimya, siku mama yake akitokea wewe ndiye utakayeonekana umeficha mtoto, hata kama ulimlisha kwa jasho lako.

Kwa hiyo mchukue kwa mlango wa mbele. Piga 116, ni bure, ndiyo simu ya huduma kwa mtoto. Au nenda serikali ya mtaa, au kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa jioni ya leo popote kati ya hapo panatosha, kwa sababu wote wanapaswa kumfikisha kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka halmashauri kuwa na wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye ndani ya eneo lake. Haisemi mtoto aliyezaliwa hapo. Inasema aliye hapo. Babu Redio wa barua ya juu angefurahi sana kupata sheria yenye neno hilo moja.

Halafu mwambie afisa kile ulichoniambia mimi: mume amekubali, nafasi ipo. Kuna kitu kinaitwa mlezi wa kuaminika, familia inayokaguliwa na kukubaliwa kumpokea mtoto kwa muda wakati ndugu wanatafutwa. Wasipopatikana, au wakipatikana na nyumba ikaonekana si salama, kuna malezi ya kambo, ambayo maombi yake yanapitia ustawi mpaka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Yote mawili yanaanza na mtu kama wewe kuingia ofisini na kusema nina nafasi. Ofisini tulikuwa tunapata watu wa kutuletea watoto kila wiki. Watu wa kutuambia wana nafasi nilihesabu kwa vidole.

Afisa atakuja nyumbani kwako. Ataangalia mtoto atalala wapi, na watoto wako wanne wanasemaje. Usifiche kwamba wanalala wawili wawili. Hatafuti jumba, anatafuta kama kuna mlevi.

Mambo mawili ya kukugombeza kidogo. Vyombo: mimi najua ni huruma, na mtoto anajisikia vizuri akila chakula alichokifanyia kazi. Lakini umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, hata nyepesi, ni miaka 14, na mtu mwingine akikuta masufuria na mtoto saa tatu usiku ataona ajira. Mlishe kwanza, aoshe sahani yake kama wanao wanavyoosha zao. La pili, nimekisia tu, lakini nitalisema: usimpige picha ukamrusha kwenye makundi ya WhatsApp na "anayemjua mtoto huyu". Mtu ambaye mtoto alimkimbia naye ana simu.

Shule usiisahau. Ada ilifutwa, na kama amekosa madarasa kuna MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi, anayeanza akiwa na miaka 11 bado hajachelewa. Muulize mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kama darasa hilo lipo kwake. Akisema aje na barua, unajua sasa pa kwenda.

*

Mama, ni mlinzi wa usiku, Posta. Watu sita wanalala kwenye baraza la jengo ninalolinda, hawanisumbui, hata wezi wananisaidia kuwaona. Juzi gari lilipita usiku likawabeba. Wawili wamerudi kwa miguu wakiwa hawajui walipotupwa ni wapi. Hivi kulala nje ni kosa la jinai?
Mlinzi, Posta

Kulala, peke yake, hapana. Shida ni kwamba tuna sheria za zamani zinazomtazama mtu maskini na kuona mhalifu anayejiandaa. Mwingereza mwaka 1944 alikuwa na amri yake ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, ikatuachia wazururaji na wazembe. Sisi wenyewe mwaka 1983 tukaja na Nguvu Kazi, sheria ya kumtaka kila mtu mzima awe na kazi. Hiyo naikumbuka kwa macho. Mjomba wangu alikuwa na kazi halali kabisa, lakini alitembea na barua ya mwajiri kwenye mfuko wa shati, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikatoboka katikati, pale penye jina lake.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, si hukumu, huwezi kumpungia mtu wa doria saa nane usiku akakuachia. Lakini wakili anaweza kuyasema mahakamani, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo, na hawatozi.

Kumbeba mtu na kumtupa Pugu au Kibaha si kumkamata wala si kumsaidia. Anayekamatwa anapelekwa kituoni, anaandikwa, na anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Anayesaidiwa anapelekwa ustawi. Waliotupwa hawakuandikwa popote, na wale wanne ambao hawajarudi hakuna anayeweza kuwatafuta, kwa sababu hata wewe unayelala nao macho umeniandikia "watu sita".

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujamaliza zamu, waulize wale wawili. Majina yao kamili, na ya wenzao kadiri wanavyoyajua, na la ndugu mmoja kwa kila mmoja, na anakotoka. Andika nyuma ya daftari lako la zamu, weka tarehe. Kisha kesho ukitoka kazini pitia kituo cha karibu uulizie. Ukiulizia "wale wa barazani" utaambiwa hawapo. Ukitaja jina la kwanza na la baba, mtu wa kaunta atalazimika kufungua kitabu.